Shule ya Wakubwa: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, 1960–2025

Kwa hesabu ya sheria, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitimiza miaka 50 mwaka 2025, maana Sheria Na. 12 iliyoiunda ilipitishwa na Bunge mwaka 1975. Kwa hesabu ya kazi ina umri mkubwa zaidi. Sheria ilipotungwa, Taasisi ilikuwa imeshafanya kampeni nne za redio na kufundisha viongozi wa vikundi kwa maelfu. Ilikuwa pia na watafiti ambao maandishi yao yalisomwa mbali na Dar es Salaam. Historia yake haiwezi basi kuanzia bungeni. Inaanzia mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Uingereza, katika tawi dogo la idara ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyoshughulikia masomo ya nje ya chuo.

Tawi la Makerere, 1960–1968

Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Aliyetaka shahada alikwenda Kampala au ng'ambo, na waliofika huko walikuwa wachache. Kazi ya tawi la Makerere ilikuwa kuwapelekea elimu wale ambao hawangeweza kuifuata: makarani, walimu, watumishi wa halmashauri, viongozi wa vyama vya ushirika na vya wafanyakazi. Masomo yalikuwa ya jioni, baada ya saa za kazi. Uchumi, siasa, sheria na Kiingereza ndiyo yaliyopendwa, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa wengi wa waliokaa kwenye madawati hayo walijua kwamba nchi ingekuwa huru muda si mrefu na ofisi zingehitaji watu.

Oktoba 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kishiriki, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka huohuo Chuo cha Kivukoni kilifungua milango yake ng'ambo ya bandari kwa ajili ya viongozi wa watu wasio na elimu ndefu. Tawi la Makerere nalo likahamia chini ya chuo kipya, na kuanzia mwaka 1963 likajulikana kama Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Nje ya Dar es Salaam kazi yake iliwategemea Wakufunzi Wakazi. Cheo hicho kingalipo hadi leo, na kwa maoni yangu ndicho kilichoibeba Taasisi kuliko kingine chochote. Mkufunzi Mkazi aliishi mkoani. Alipanga madarasa, alitafuta walimu wa muda, alijua ukumbi upi una taa na mwenyekiti yupi wa kijiji anasikilizwa.

Hata hivyo, elimu ya jioni ya mjini iliwafikia waliokwisha kusoma. Nje ya miji, watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere alikuwa ameuweka wazi msimamo wake alipouwasilisha Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano mwaka 1964: watoto wa shule hawatauinua uchumi kwa miaka mingi ijayo, watu wazima wanaweza kuanza sasa. Taasisi ilichukua miaka mitano kupata njia ya kuitikia hoja hiyo kwa wingi uliotakiwa. Njia hiyo ilikuwa redio.

Redio, kitabu na kikundi, 1969–1972

Kusikiliza redio kwa vikundi hakukubuniwa na Taasisi. Kituo cha Elimu ya Ushirika cha Moshi kilikuwa kikiwafundisha wanachama wa vyama vya ushirika kwa namna hiyo tangu katikati ya miaka ya 1960, na Taasisi ilikwenda kujifunza hapo. Ilichoongeza ni mambo mawili, upana wa nchi nzima na tabia ya kujipima.

Kampeni ya kwanza, *Kupanga ni Kuchagua*, ilifanyika mwaka 1969 kuueleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano. Ilikuwa ndogo, karibu ya majaribio. Ya pili, *Uchaguzi ni Wako*, iliendana na uchaguzi mkuu wa 1970. Ya tatu, *Wakati wa Furaha*, ilikuwa ya mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, na ilifikia washiriki kama 20,000. Utaratibu ulikuwa uleule. Watu walikusanyika penye redio, wakasikiliza kipindi, mmoja wao akasoma sura ya kijitabu kwa sauti, kisha wakajadili na kukata shauri. Kiongozi wa kikundi hakuwa mtaalamu. Alikuwa mkulima, mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa tawi, mama mwenye kujua kusoma. Kazi yake haikuwa kuhutubia bali kuwafanya wenzake waseme.

Hapo ndipo Taasisi ilipogundua kwamba kufundisha uongozi wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kuandika kipindi cha redio. Mtu aliyelelewa katika shule ya fimbo na ubao, akipewa kikundi, huanza kuhubiri. Kumfundisha kuuliza swali, kunyamaza, kumpa nafasi bibi aliyeketi nyuma, kunahitaji semina ya mazoezi, si karatasi ya maelekezo. Tathmini ya *Wakati wa Furaha*, iliyoandikwa na Budd Hall wa kitengo cha utafiti cha Taasisi na kuchapishwa Uppsala mwaka 1973, iliangalia mambo kama hayo: mafunzo ya viongozi, matumizi ya vijitabu, nani alihudhuria na nani aliacha.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imebadili gia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, katika salamu za mwaka mpya, Rais Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Maafisa Elimu ya Watu Wazima wakawekwa wilayani, shule za msingi zikawa vituo vya jioni vya wakubwa, na wilaya chache, zikiwemo Mafia, Ukerewe na Kilimanjaro, zikapewa jukumu la kutangulia kufuta ujinga wa kusoma na kuandika. Kanda ya Ziwa kulikuwa na mradi wa Kisomo chenye Manufaa uliosaidiwa na UNESCO kuanzia 1968, wenye vitabu vya kusomea vinavyohusu pamba, ndizi, uvuvi na ng'ombe. Kisomo chenyewe kilikuwa mikononi mwa Wizara ya Elimu. Taasisi ilifundisha watumishi wake, ikafanya utafiti, ikaendesha kampeni.

Mtu ni Afya, 1973

Kampeni ya *Mtu ni Afya* inastahili nafasi zaidi, kwa kuwa kila kilichojaribiwa miaka minne kilikutana hapo. Iliandaliwa na Taasisi pamoja na Wizara ya Afya, Wizara ya Elimu, Redio Tanzania na chama cha TANU, kwa msaada wa fedha kutoka Sweden. Madhumuni yalikuwa kuwawezesha watu kuzuia maradhi ambayo hospitali zilikuwa zikiyatibu bila kumaliza: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Ilidumu kwa majuma 12.

Kazi halisi ilikuwa kabla ya juma la kwanza. Timu ya taifa ilifundisha timu za mikoa na wilaya, hizo zikafundisha viongozi wa vikundi katika tarafa na kata. Kwa njia hiyo walipatikana viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Hesabu hiyo ni rahisi kuipita haraka, lakini tuikumbuke hali ya nchi: barabara za udongo, simu chache, vitabu vilivyosafirishwa kwa malori. Kuwafundisha watu 75,000 kuongoza mjadala ndani ya miezi michache kulihitaji kila Mkufunzi Mkazi, kila Afisa Elimu ya Watu Wazima na kila mganga wa zahanati aliyekubali kutoa jioni yake. Kitambaa chenye alama za kampeni kilichapishwa na kuvaliwa. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2.

Vikundi vilisikiliza, vikasoma, kisha vikachukua majembe. Mazalia ya mbu yalifukiwa, majani kuzunguka nyumba yakafyekwa, visima vikazungushiwa ua. Vyoo ndivyo vilivyokuja kuwa sifa kuu ya kampeni, na makadirio yaliyotolewa baadaye yalitaja vyoo vipya kama 750,000. Watafiti hawakuridhika na makadirio. Walichagua vijiji wakavipima kabla na baada: watu wanajua nini kuhusu maradhi, na nyumba zao zina nini. Ujuzi uliongezeka, na mabadiliko katika makazi yalionekana kwa macho ya anayehesabu, si kwa taarifa za viongozi pekee. Taasisi nyingi husherehekea kampeni na kuishia hapo. Hii ilirudi nyumba kwa nyumba na daftari.

Kuna jambo moja ambalo kijitabu cha sherehe kisilifiche. Mada ya kampeni ilichaguliwa Dar es Salaam. Vikundi vilikuwa huru kuamua namna ya kutekeleza, lakini hakikuwapo kikundi kilichoulizwa mapema kama shida yake kubwa ni choo au ni soko la mazao. Wenyewe waliokuwa ndani ya Taasisi waliliona hilo, na kuliona kwao ndiko kulikozaa mchango wao mkubwa kwa ulimwengu wa elimu.

Chumba cha utafiti

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kitengo cha utafiti kiliingia katika shaka kuhusu vifaa vyake. Dodoso lilileta majibu mafupi, yaliyonyooka, yaliyomfurahisha muulizaji. Mazungumzo ya jioni, bila karatasi, yalitoa mambo ambayo dodoso halikuwa na swali lake. Paulo Freire wa Brazil alifika Dar es Salaam katika kipindi hicho na kuzungumza na watu wa elimu ya watu wazima kuhusu utafiti unaofanywa pamoja na wananchi badala ya kufanywa juu yao. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Marja-Liisa Swantz alikuwa tayari akifanya kazi kwa mwelekeo huo, na baadaye mradi wa Jipemoyo uliendelezwa katika wilaya ya Bagamoyo.

Kutokana na mchanganyiko huo lilizaliwa jina ambalo sasa linafundishwa vyuoni kote, utafiti shirikishi. Budd Hall alilitangaza kimataifa mwaka 1975 kupitia jarida *Convergence*. Yusuf Kassam naye aliwahoji watu waliojifunza kusoma ukubwani na kuziweka sauti zao katika kitabu *Illiterate No More*, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Mwaka 1982 yeye na Kemal Mustafa walihariri kitabu kizima kuhusu utafiti shirikishi. Anayedhani nadharia huja Afrika kutoka nje tu aitazame njia hii: kutoka vikundi vya redio vya Tanzania hadi kumbi za semina za Toronto na New Delhi.

Juni 1976 mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima na maendeleo ulifanyika Dar es Salaam, ukafunguliwa na Mwalimu Nyerere. Wageni walikuja kuona nchi iliyokuwa na zaidi ya watu wazima milioni 5 walioandikishwa katika madarasa ya kisomo.

Sheria, posta na walimu, 1972–1984

Kwa sheria ya 1975 Taasisi ilitoka chini ya Chuo Kikuu na kuwa shirika la umma lenye majukumu yake: kufundisha wataalamu wa elimu ya watu wazima, kufanya utafiti, kuendesha elimu kwa njia ya posta na kampeni. Enzi ya wakurugenzi wageni ilikuwa imekwisha pita. Padri Daniel Mbunda ni mmoja wa Watanzania walioishika Taasisi katika miaka hiyo ya kujitegemea. Kampeni ya *Chakula ni Uhai* ilifanyika mwaka huohuo wa 1975, nchi ikiwa imetoka katika ukame na upungufu wa chakula wa 1973–1974, na ikawagusa watu zaidi ya milioni moja. *Misitu ni Mali* ilifuata mwaka 1980.

Elimu kwa njia ya posta ilikuwa imeanza mwaka 1972, nayo kwa msaada wa Sweden. Mwanafunzi alipokea somo kwa barua, akajibu maswali, akayatuma, akasubiri. Utaratibu huo wa pole ulikutana na haraka ya taifa baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakapelekwa kufundisha huku wakisomea ualimu: masomo ya posta, vipindi vya redio, mazoezi darasani chini ya mratibu wa kata, na kipindi kifupi chuoni mwishoni. Kati ya 1976 na 1984 zaidi ya walimu 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Walidharauliwa na kupewa majina ya utani, ya haki na yasiyo ya haki. Bila wao shule nyingi za vijijini zingebaki kuta tupu, na mtindo wa kumfundisha mtu akiwa kazini, uliokuja kusifiwa miaka ya baadaye, ulipimwa kwanza kwenye migongo yao.

Mitihani ya taifa ya kisomo inaonyesha kasi ya enzi ile. Wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, asilimia 21 mwaka 1981, na asilimia 9.6 mwaka 1986. Mitihani ilipima hatua kwa hatua, na aliyefika hatua ya tatu alihesabiwa kuwa amehitimu, ingawa mwenye kusoma sentensi leo aweza kuisahau kesho asipopata kitu cha kusoma. Ndiyo maana magazeti ya vijijini kama *Elimu Haina Mwisho* la Mwanza yalikuwa sehemu ya kazi na si pambo.

Miaka migumu

Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliikuta nchi kwa pamoja. Karatasi ziliadimika, betri za redio zikawa ghali, magari ya wilaya yakakaa juu ya mawe. Madarasa ya jioni yalipungua kimyakimya. Katika miaka ya 1990, mageuzi ya uchumi yaliposukuma gharama kwa mwananchi, kiwango cha kutojua kusoma kilianza kupanda tena.

Kwa Taasisi, hasara iliyouma zaidi haikuwa ya magari. Utafiti ndio unaokatwa kwanza bajeti inapopungua, na bila utafiti kampeni mpya haijui ya jana ilikosea wapi. Hata hivyo milango haikufungwa. Stashahada iliendelea, Wakufunzi Wakazi walibaki mikoani, na elimu masafa ikageukia hitaji jipya: vijana na watumishi waliotaka cheti cha kidato cha nne bila kurudi kuvaa sare. Mtihani wa maarifa, ambao kila mtu anauita QT, ukawa lango lao. Mwaka 1997 mpango wa elimu ya watu wazima uitwao MUKEJA ulijaribu kuanza upya, safari hii jamii ikichagua yenyewe inachotaka kujifunza, na mwaka 1999 MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi, ikaanza majaribio katika wilaya tano kwa watoto walioikosa shule. Anayekumbuka ule ubishi wa baada ya *Mtu ni Afya* kuhusu nani achague mada atauona ndani ya MUKEJA.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1960 | Tawi la masomo ya nje la Makerere laanza Tanganyika |
| 1963 | Lawa Taasisi chini ya chuo kishiriki cha Dar es Salaam |
| 1969 | *Kupanga ni Kuchagua*, kampeni ya kwanza ya redio |
| 1970 | Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima; *Uchaguzi ni Wako* |
| 1971 | *Wakati wa Furaha* |
| 1972 | Elimu kwa njia ya posta |
| 1973 | *Mtu ni Afya* |
| 1975 | Sheria Na. 12, *Chakula ni Uhai* |
| 1976 | Mkutano wa kimataifa Dar es Salaam; ualimu wa masafa waanza |
| 1980 | *Misitu ni Mali* |
| 1997 | MUKEJA |
| 1999 | Majaribio ya MEMKWA |
| 2021 | Waraka wa kuwarejesha shuleni waliokatiza masomo |
| 2025 | Miaka 50 ya sheria |

Tangu 2000

Makao makuu yako barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Kampasi nyingine ziko Morogoro na Mwanza, na ofisi za Wakufunzi Wakazi ziko katika mikoa ya Tanzania Bara. Kozi zimepanda kutoka cheti na stashahada hadi shahada ya kwanza, zikifundishwa ana kwa ana na kwa masafa. Barua za posta zimeacha nafasi kwa moduli, simu na intaneti, ingawa Mkufunzi Mkazi atakuambia kwamba mwanafunzi anayetoweka bado hufuatwa kwa miguu.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Kando ya shule hizo, Taasisi imeendesha njia mbadala ya elimu ya sekondari chini ya SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, ambapo msichana husoma kidato cha kwanza hadi cha nne kwa miaka miwili. Wanafunzi hawa ni wadogo kuliko wale wa 1973, wengi hawajafika miaka 20, na baadhi wanakuja na watoto. Walimu wao wanatoka shule za sekondari na wamezoea darasa la watoto, kwa hiyo somo la kwanza wanalopewa na Taasisi ni lilelile lililowashinda viongozi wa vikundi vya *Wakati wa Furaha* mwanzoni: namna ya kumfundisha mtu ambaye maisha yameshamfundisha mambo mengine. Semina hizo bado zinafanyika kwa mazoezi, na msimamizi wake mkoani ni Mkufunzi Mkazi.